Kozi yenye ajira leo, soko la miaka mitano ijayo

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, familia nyingi za wakulima na wafanyabiashara wadogo nchini Tanzania huingia kwenye mjadala ule ule. Mzazi anataka kozi yenye ajira, yaani udaktari, uhandisi, sheria au uhasibu. Mtoto anataka anachokipenda, au walau anachokimudu. Kwa familia iliyokwisha kuuza mahindi, ng'ombe au kiwanja ili kumfikisha hapo, huu ni uamuzi wa uwekezaji, tena mkubwa kuliko kununua pawatila.

Mzazi hana kosa kuuliza kuhusu kipato. Tatizo ni kwamba bei anayoitazama ni ya leo, wakati mali yake itaingia sokoni baada ya miaka mitatu au minne. Kwa udaktari wa binadamu ni miaka mitano darasani na mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo hospitalini.

Wakulima wa mbaazi wa Manyara, Lindi na Mtwara wanaijua hesabu hii. Bei nzuri ya mwaka 2015 iliwavuta wengi kuongeza mashamba, na wakulima wa India nao wakafanya hivyo hivyo. Agosti 2017 India ikaweka kikomo cha tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi zinazotoka nje, na magunia yakabaki ghalani. Mwenye mbaazi angalau aliweza kubadili zao msimu uliofuata. Mwenye shahada hana nafasi hiyo.

Wachumi wamelipima jambo hili kwa wasomi pia. Katika miaka ya 1970, Richard Freeman wa Chuo Kikuu cha Harvard alionyesha kuwa mishahara ya wahandisi wapya nchini Marekani ilipopanda, vijana walijazana kwenye uhandisi, na miaka minne baadaye wingi wao ukaishusha mishahara ile ile iliyowavuta.

Tanzania ina mfano wake wa karibu. Kuanzia mwaka 2010 iligunduliwa gesi nyingi katika kina kirefu cha bahari nje ya Lindi na Mtwara. Vyuo vikuu vikaanzisha shahada za jiolojia ya mafuta na uhandisi wa petroli, na kozi hizo zikaonekana ndizo zenye fedha. Katikati ya mwaka 2014 pipa la mafuta lilikuwa zaidi ya dola 100 katika soko la dunia. Januari 2016 lilishuka chini ya dola 30, na kampuni kubwa zikapunguza matumizi. Makubaliano ya awali ya mradi wa kusindika gesi hiyo yalitiwa saini Dodoma Juni 2022, na hadi mwaka 2024 unamalizika, mtambo ulikuwa bado haujajengwa. Waliojiunga na kozi hizo wakati wa shangwe walikuwa wamekwisha kuhitimu zamani.

Jambo la pili ambalo familia hulipita haraka mno ni nani mnunuzi. Kuna fani ambazo mnunuzi wake mkubwa ni mmoja tu, Serikali, na Serikali hununua kwa bajeti yake, si kwa uhaba uliopo. Machi 2017 Tanzania ilikubali kupeleka madaktari 500 Kenya kufuatia mgomo wa madaktari wa huko. Mpango ulipokwama mahakamani, Serikali iliajiri 258 kati ya walioomba. Nchi yenye uhaba wa madaktari vijijini ilikuwa na mamia ya madaktari waliokaa bila kazi. Mwaka huo huo walimu wa sanaa waliozidi sekondari walihamishiwa shule za msingi, huku walimu wa fizikia na hisabati wakiendelea kutafutwa.

Je, basi mtoto aachiwe asome anachopenda? Si hivyo moja kwa moja. Kupenda na kumudu ni vitu viwili, na ushahidi wa kumudu upo kwenye matokeo ya miaka sita ya sekondari kuliko kwenye maneno ya mtoto au ndoto ya baba. Aliyepata fizikia kwa kubahatisha akaingia uhandisi huanza kula sapu mwaka wa kwanza, na wengine hudisko kabisa. Mwaka unaorudiwa ni mwaka mwingine wa chumba na chakula, na ni mwaka mmoja bila mshahara.

Utafiti wa Norway uliochapishwa mwaka 2016 uliwalinganisha waombaji waliopita kidogo alama za kuingilia kozi na wale walioanguka kidogo. Ulikuta kwamba fani huathiri sana kipato, hivyo mzazi ana hoja. Lakini ulionyesha pia kwamba kwa kawaida watu hupendelea fani ambazo wao wenyewe wanafaidika nazo zaidi. Kipato cha wastani cha kozi hakimwambii mzazi kipato cha mtoto wake.

Kwa wasomaji wa kurasa hizi kuna kichekesho kidogo. Wengi husema hawakumtoa mtoto shambani ili akasomee shamba. Hata hivyo, daktari wa mifugo katika eneo la ng'ombe wa maziwa, kama Rungwe au Tanga, ana wanunuzi wengi: kila mfugaji anayehitaji chanjo, tiba au uhamilishaji hulipa mwenyewe, bila kungoja kibali cha ajira. Katika eneo ambalo wafugaji hawajazoea kulipia huduma, shahada hiyo hiyo inasubiri Serikali kama nyingine.

Hesabu hii ina deni ndani yake. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2016, mhitimu aliyekopeshwa na Bodi ya Mikopo hukatwa asilimia 15 ya mshahara. Kwenye mshahara wa Sh800,000 hiyo ni Sh120,000 kila mwezi. Tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo iliondolewa mwaka 2021, lakini deni lenyewe halibagui kozi. Linamsubiri mhandisi aliyepata kazi na vilevile yule aliyeingia uhandisi kwa shinikizo la nyumbani, akaishia kuuza vocha za simu.