Huo mchango wa kifurushi mimi siutoi

Vijana wenzangu wa Nakivale, nasema wazi: huo mchango wa kununua kifurushi kikubwa zaidi mimi siutoi, na wewe usiutoe kwanza.

Wote tunajua yaliyompata dada yetu kwenye usaili wa masomo kwa video. Anaulizwa swali, sauti inamfikia imechelewa. Akianza kujibu, mwenzake ameshaingia swali lingine. Tukasema, "Intaneti ya kambini ndiyo hivyo." Hapana bana! Chumba cha pili sisi wenyewe tulikuwa tunapakia video kwenye ruta ileile.

Kifurushi kinaongeza wingi wa data. Kuchelewa ni kitu kingine: ni muda wa ujumbe kwenda na kurudi, unapimwa kwa milisekunde. Mtu akipakia video kubwa, ruta inajaza foleni, na sauti ya dada inasimama nyuma. Nunua hata GB 100, foleni iko palepale.

Tupime kwanza. Kwenye kompyuta andika ping na anwani ya ruta, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Jibu likirudi kwa milisekunde chache, Wi-Fi yetu ni nzima. Likiruka hadi 200, ugonjwa uko ndani ya nyumba: ruta imefichwa nyuma ya mabati, ama tumebanana na majirani kwenye chaneli moja. Kwenye GHz 2.4 chaneli zisizogongana ni 1, 6 na 11. Hamia yenye watu wachache.

Kisha andika ping 8.8.8.8, watu wote wakiwa wametulia. Rudia mtu akipakia video. Namba ikipanda hapo tu, ni foleni: weka kikomo cha kupakia kwenye ruta, ama tukubaliane kwamba saa ya usaili hakuna video. Hiyo ni bure. Ikiwa juu hata watu wametulia, hapo ndipo tuwaendee wenye mtandao, namba zikiwa mkononi.

Kuna anayesema, "Sisi wakimbizi, mambo hayo tutayajulia wapi?" Hilo ndilo linanichoma. Kila kitu kibovu tunakiita maisha ya kambi. Mengine ni kweli, hatuna la kufanya. Lakini foleni hii tuliipanga sisi, na dada yetu ndiye aliyeilipia. Tupime leo jioni, mchango tuuongelee kesho.