Kikohozi cha Ufipa Kipimwe, Kisikisiwe

Kikohozi kinapodumu Ufipa, lawama huangukia baridi. Mji wa Sumbawanga umekaa kwenye mwinuko wa takribani mita 1,800, na katika miezi ya Juni na Julai moto wa kuni huwashwa ndani kwa kupikia na kwa kuota. Mgonjwa husema ni baridi. Mhudumu hushuku kifua kikuu. Kushuku huko ni sahihi: kikohozi cha wiki 2 au zaidi makohozi yapimwe, na yapimwe kwanza. Kosa huanza pale majibu yanapokuja bila vimelea, kisha mgonjwa akapewa antibiotiki zilezile mwezi baada ya mwezi, pasipo mtu kuuliza mapafu yake yanafanya kazi kwa kiasi gani.

Swali hilo lina kipimo chake, nacho ni spairometri. Hupima mambo mawili: hewa yote ambayo mtu aweza kuitoa kwa pumzi moja, na sehemu ya hewa hiyo inayotoka katika sekunde 1 ya kwanza. Wafua chuma wa Kifipa, waliojenga matanuri marefu yasiyohitaji mivuo, wangeielewa tofauti hiyo: tanuri laweza kuwa kubwa, lakini matundu yake ya hewa yakiziba, moto hufifia. Iwapo hewa ya sekunde ya kwanza haifiki asilimia 70 ya hewa yote, hata baada ya dawa ya kupanua njia za hewa, kuna mzibo wa kudumu. Njia zikifunguka sana baada ya dawa, pumu hushukiwa zaidi. Hewa yote ikiwa pungufu, huenda mapafu yana makovu, kama inavyotokea kwa baadhi ya waliopona kifua kikuu.

Jambo hili si dogo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu watu wazima wa vijijini nchini Tanzania ulikuta ugonjwa sugu wa mzibo wa njia za hewa kwa asilimia 17.5 ya waliopimwa. Karibu wote walipikia kuni au mkaa.

Itasemwa kuwa mashine ni ghali. Hata hivyo, si lazima kila zahanati iwe nayo. Hospitali ya wilaya yaweza kutenga siku ya kliniki ya kifua, na zahanati zikapeleka watu wanaostahili: aliyemaliza dawa za kifua kikuu lakini bado anahema akipanda mlima, mama aliyepika kwa kuni miaka mingi, na mvutaji wa tumbaku anayekohoa kila asubuhi.

Mashine pekee haitoshi. Mgonjwa asiyeelekezwa hupuliza kwa haya, na majibu hupotosha. Mhudumu amwambie waziwazi: vuta hewa mpaka mwisho, kisha ipulize yote kwa nguvu bila kukatiza, tutarudia mpaka tupate mipulizo 3 mizuri. Aliyetoka kufanyiwa upasuaji, aliyepata shambulio la moyo hivi karibuni au anayekohoa damu asubiri ushauri wa daktari.

Nawe mgonjwa, majibu ya makohozi yakiwa safi na pumzi bado inakatika, usikubali safari iishie hapo. Uliza: “Mapafu yangu yatapimwa lini?” Ni haki yako kuuliza, na ni wajibu wetu kuwa na jibu.