Orodha na Idhini

Mwanafunzi aanzaye kujifunza habari za kompyuta aghalabu hudhani kwamba kazi kubwa ni kukokotoa. Kumbe swali la kwanza la mtu aingiaye ghalani ni jepesi zaidi: humu mna nini?

Katika maghala ya data yakodishwayo kwa njia ya intaneti, kama lile la Snowflake, kampuni iliyoanzishwa Marekani mwaka 2012, swali hilo huulizwa kwa amri ya maneno mawili tu: SHOW DATABASES. Programu huituma amri, nayo hurudishiwa jedwali lenye jina la kila kanzidata, mmiliki wake na tarehe ya kuundwa kwake. Wako wanaopendelea kutazama skrini na kunakili majina kwa mkono. Njia hiyo yafaa kanzidata zikiwa tano. Zikiwa mia tano, mkono huchoka na jicho huruka mstari.

Lakini jedwali hilo halionyeshi kila kilichomo. Huonyesha kile tu ambacho wadhifa wa muulizaji umeruhusiwa kukiona. Karani na msimamizi wakituma amri ile ile, saa ile ile, huweza kupewa orodha mbili zisizolingana, na zote mbili ni sahihi. Tena jibu halizidi mistari 10,000; na kanzidata iliyofutwa haitajwi ila neno HISTORY liongezwe, nao muda wa kuirejesha uwe haujapita. Hapo ndipo penye hatari. Mtu atungaye programu ya kuweka nakala za akiba, akitegemea orodha ya wadhifa mdogo, ataziacha kanzidata nyingine bila akiba, wala mashine haitamwonya, kwa kuwa haikukosea.

Edgar F. Codd, Mwingereza aliyetoa nadharia ya majedwali mwaka 1970 akiwa IBM, alitaka katika kanuni zake za mwaka 1985 kwamba maelezo ya kanzidata yenyewe yakae katika majedwali, yaulizwe kwa lugha ile ile ya kuulizia takwimu, na watu wenye idhini. Mwalimu aifundishaye kanuni hiyo asiishie kwenye majedwali. Neno idhini lina uzito ule ule. Zoezi moja latosha: wanafunzi wawili wapewe nyadhifa mbili, waulize swali moja, kisha waeleze kwa nini majibu yametofautiana. Na kila programu iombayo orodha iandike, juu ya orodha hiyo, jina la wadhifa ulioiomba na saa ilipoombwa.