Waya Haumjui Mwizi

Katika mashamba yanayouzunguka mji wetu wa Lubumbashi, kanu, fungo na nguchiro huvizia kuku. Asubuhi mwenye banda huona manyoya tu, naye kwa hasira hutega waya. Uchungu wake twaufahamu. Lakini waya haumjui mwizi. Hunasa mbwa wa jirani, hunasa hata kakakuona, ambaye kumwuza kati ya nchi na nchi kumekatazwa tangu 2017. Tena kanu na fungo hula panya: ukiwamaliza, mahindi yako ndiyo yatakayolipa.

Hatari iliyo kubwa zaidi ni kichaa cha mbwa. Mnyama aliyenaswa huuma, na watoto hupenda kumshika. Mtoto akiumwa, osheni jeraha papo hapo kwa sabuni na maji mengi, muda wa dakika 15, kisha mpelekeni hospitali siku ileile apate chanjo. Ugonjwa ukishaanza, kupona ni vigumu mno. Karibu wote hufa.

Basi, jengeni banda la matofali, lenye mlango unaofungwa barabara na wavu wa matundu madogo dirishani. Fungieni kuku kabla ya jua kutua. Banda imara humzuia mwizi, wala halimdhuru asiye na kosa.