Likizo Hii, Twendeni Butiama

Likizo inapokaribia, wengi wetu huwaza pwani na mbuga za wanyama. Hayo ni mema, nasi hatuyapingi. Lakini twawauliza ndugu zetu: ni wangapi waliokwisha kuwapeleka watoto wao mahali palipomlea Mwalimu Nyerere?

Safari hiyo yapangika. Ianzie Butiama, alikozaliwa mwaka 1922 na alikozikwa mwaka 1999. Kisha Tabora: hapo alisoma, hapo alifundisha, na hapo ndipo TANU, mwezi Januari 1958, ilipokubali kuingia katika uchaguzi wa kura tatu, ingawa masharti yake yalikuwa machungu. Imalizikie Dar es Salaam: mtaa uitwao leo Lumumba, TANU ilikozaliwa tarehe 7 Julai 1954; Pugu, alikoacha ualimu na mshahara wake mwaka 1955; na nyumba yake ya Magomeni.

Hatusemi watu waende kuabudu matofali. Twasema waende wakaone kwamba kiongozi hakushuka kutoka mbinguni. Alilelewa kijijini, akafundishwa na walimu, akategemezwa na wanachama waliotoa senti zao. Mtoto asiyeyajua hayo atadhani Uhuru uliletwa na mtu mmoja tu, naye atakaa kitako kumngoja mwingine.

Mwacha asili ni mtumwa. Basi, ndugu mzazi, ukihesabu nauli ya likizo, ihesabu na ya Butiama.