Jina Si Ushahidi

Kinyozi wangu hakunitusi. Afadhali angenitusi. Alikuwa amefika nusu ya kichwa, akazima mashine, akaniuliza, "Buda, si ni wewe uliandika ile maneno ya tokeni ya wakulima?"

Ni mimi. Niliandika aya tatu kuhusu mkulima atakayeuza maziwa yake bila broka, nikalipwa shilingi 800 kwa M-Pesa, nikanunua unga na bando. Yeye alizisoma kwenye ukurasa wa maonyesho wa jumuiya moja ya wasanidi wa blokicheini hapa Nairobi, akaweka 15,000. Mradi wenyewe haukuwahi kuwa na kitu zaidi ya nembo, picha za timu na maneno "inakuja hivi karibuni". Haukuja.

Naanza na hilo ndiyo usidhani naongea kama mtakatifu. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokwama. Sijui kuandika msimbo, lakini najua kazi ya sentensi. Ukiiweka sentensi kwenye onyesho la wasanidi, watu hawaisomi kama tangazo. Wanaisoma kama ushuhuda: wanaojua haya mambo wameangalia, wakasema sawa.

Sasa jumuiya hiyo inaandika masharti ya mradi gani uonyeshwe, na ilinipa rasimu niinyooshe lugha. Sharti la kwanza: mradi uwe na timu inayojulikana, yenye sifa nzuri katika jumuiya. Hapo ndipo nataka tugombane.

Inajulikana na nani? Mikutano yenu iko Kilimani na Westlands, jioni, siku ya kazi. Kujulikana ni kuwa na nauli ya kurudi usiku na muda wa kupiga stori. Kuna binti wa Kahawa West aliyeleta daftari la chama: kila mchango unaandikwa kwenye mtandao, na mweka hazina hawezi kugusa pesa bila sahihi za wengine wawili. Linafanya kazi, na chama cha mamake kinalitumia. Akaambiwa asubiri, hatumjui bado. Tokeni ya wakulima ilijulikana sana. Waanzilishi wake ndio walikuwa wakinunua pizza.

Na kama sifa ingekuwa kinga, FTX ingekuwa bado imesimama. Jina lake lilikuwa kwenye uwanja wa mpira wa kikapu kule Miami. Ilianguka Novemba 2022, na Machi 2024 mwanzilishi wake, Sam Bankman-Fried, akahukumiwa miaka 25 jela. Hapa kwetu, 2023, watu walipanga foleni KICC kupigwa picha za mboni ili wapate tokeni za Worldcoin, thamani yake kama shilingi 7,000. Nyuma yake kulikuwa na Sam Altman, na jina kubwa kuliko hilo utalitoa wapi? Serikali ilisimamisha zoezi hilo Agosti 2023, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hizo za miili ya watu zifutwe. Yote mawili yangepita sharti lenu la kwanza bila kutoa jasho.

Kuna upande wa pili unaosema tusichuje kabisa. Ati teknolojia hii haina bawabu, kila mtu ajifanyie utafiti. Sawa, mtandao hauna bawabu, na usiwe naye. Yeyote anaweza kupandisha mkataba wake huko leo bila kuomba ruhusa. Lakini onyesho si mtandao. Ni meza yenu, yenye nembo yenu. Na kinyozi atasoma mkataba wa Solidity saa ngapi, kati ya kichwa na kichwa?

Kwa hivyo ulizeni kitu ambacho mtu asiyewajua anaweza kukihakiki. Tovuti ya wasanidi wa Cardano iliweka masharti ya aina hiyo: mradi uwe tayari kwenye mtandao mkuu, kuwe na bidhaa inayotumika, pasiwe na mauzo ya mapema wala ahadi za "inakuja". Hayo nayachukua. Orodha hiyohiyo ilitaka pia sifa katika jumuiya, hilo nawaachia.

Halafu ongezeni haya. Anwani ya mkataba iwe wazi. Msimbo uwe wazi, na kama umefichwa, isemwe umefichwa. Isemwe nani ameshika funguo, na kama anaweza kuhamisha pesa za watu akiwa peke yake. Awepo angalau mtumiaji mmoja ambaye hayumo kwenye timu. Anayekagua aseme kama ana tokeni za mradi anaoukagua. Anayekataliwa apewe sababu kwa maandishi, si "hatumjui". Na kila miezi mitatu mtu apite tena: mradi uliokufa utolewe.

Hii haitazuia kila hasara. Msimbo wa The DAO ulikuwa wazi kwa dunia nzima, na bado mwaka 2016 mtu aliona kasoro, akachota etha milioni 3.6. Ndiyo maana onyesho lisiseme kamwe "mradi huu ni salama". Liseme tu: tuliangalia haya, tarehe hii, haya mengine hatukuyaangalia. Sentensi kama hiyo ningeiandika hata bure.

Rasimu nimeirudisha. Lugha imenyooka, na sharti la kwanza nimelifuta. Wakikataa kunilipa, sawa tu.

Kinyozi nilimtumia zile 800. Alizirudisha jioni hiyohiyo, akaniambia si mimi peke yangu niliyemwambia mradi uko poa. Ukurasa ule ulikuwa na nembo juu yake.