Wimbo Tusiousikia

Hivi karibuni nilikaa arusini hapa Dutumi, chini ya turubai, sahani ya pilau mbele yangu. Spika zikapiga "Malaika". Bibi arusi akainuliwa, shangazi zake wakapiga vigelegele, wajomba wakatoa noti kumtunza. Nikajiuliza: hawa wanausikia wimbo, au wanasikia mlio tu?

Maana "Malaika" si wimbo wa arusi. Ni wimbo wa arusi isiyofungwa. Kijana anampenda msichana, hana mali, hawezi kumwoa, na mapenzi hayamtoki. Fadhili William aliurekodi Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wapo wasemao kuwa mtunzi hasa ni Adam Salim, na ubishi huo sitauamua hapa. Mwaka 1965 Miriam Makeba na Harry Belafonte waliutia katika santuri yao huko Marekani, ukapendwa na watu wasiojua neno la Kiswahili. Hao wana udhuru. Sisi je?

Wazee wenzangu husema nyimbo kama hizi huwalegeza vijana. Aliyeachwa asahau, atafute mwingine. Nakataa. Kijana wa wimbo huu hakuachwa, alitenganishwa. Na wanaotenganisha ni sisi.

Nayajua haya. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, nikiwa chuo cha ualimu, niliposa binti wa kijiji cha jirani. Mjomba wake akataja kilemba chake, mkaja wa mama, na fedha ambazo mwanachuo hakuwa nazo wala hakujua pa kuzikopa. Kabla sijahitimu, akaozwa mtu mwingine. Baadaye nilioa mke mwema, nikapata watoto, namshukuru Mungu. Lakini kwa miaka mingi, kila nilipoona gulioni kanga ya rangi aliyoipenda, nilisimama. Huo si ulegevu. Ni jeraha, na aliyelitia hakuwa yeye wala mimi.

Mtaniambia, "Ndiyo mila." Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema wazi kwamba ndoa haibatiliki kwa kutotimizwa mila ya mahari. Na dini ya wengi wetu hapa inafundisha kuwa mahari ni haki ya bibi arusi mwenyewe. Mjomba anaingilia wapi?

Aibu yangu kubwa ni hii. Mwaka 1998 binti yangu alipoposwa, nami, mwalimu mkuu mzima, niliandika orodha ndefu. Yule kijana aliisoma, akaikunja, akaaga kwa adabu, asirudi. Binti yangu hajanilaumu hata siku moja. Ila "Malaika" ikipigwa redioni, huinuka akatoka nje.

Basi wimbo upigeni, siukatazi. Lakini upigeni siku ya posa, orodha ikiwa bado mfukoni, na sisi wazee tuusikilize mpaka mwisho kabla ya kufungua vinywa.